Masizi

Wanasema njia ya mwongo ni fupi.
Yangu ilichukua miaka mitatu na miezi minne.
Ilianzia barabara ya kumi na saba, Ngamiani,
ikakata kona Makorora, ikafika hadi Tangamano,
nikapanda jukwaani na suti ya kuazima
kupokea cheti chenye jina langu,
Mhina Semboja, herufi moja imekosewa.

Sikuanza kwa kusema. Hilo mlijue.
Nilianza kwa kunyamaza.
Nyumba inaungua, mimi mpangaji wa chumba cha uani
nimetoka na baiskeli yangu begani,
masizi usoni hadi masikioni,
mara dirishani mikono ikanitupia mtoto.
Baiskeli nikaiachia, mtoto nikamdaka.
Uso sikuuona. Niliona bangili ya shaba
ikirudi ndani ya moshi kumfuata bibi yake.

"Ni wewe uliyemtoa?" wakauliza.
Nikakohoa.
Kikohozi kile wakakisikia "ndiyo."

Kesho yake ndiyo nikaisema kwa mdomo.
Na kila nilipoisimulia niliongeza boriti moja inayoanguka,
hadi kijumba kile cha vyumba sita
kikawa na boriti za kutosha kujenga gati.
Shekue wa kahawa akakataa pesa yangu.
Kinyozi akaandika ukutani, kwa rangi nyekundu:
HAPA HUNYOLEWA MHINA ZIMAMOTO.
Watoto wakicheza, mmoja alikuwa Mhina,
waliobaki wote walikuwa moto.

Kidawa alilala Bombo miezi miwili,
mikono imefungwa kama mizigo ya safari.
Aliporudi kwenye karai lake la mihogo
hadithi ilikwisha kukauka kama saruji.
Nilinunua mihogo kwake mara moja tu.
Alinifungia, akaniongezea pilipili.
Bangili ilikuwa imehamia mguuni,
maana kwenye mkono haikuvalika tena.
Sikurudi. Nikasema mihogo inanipa kiungulia.

Kisha ghala la mkonge likashika moto, Ijumaa, mchana kweupe.
Singa haziungui kama kuni, jamani,
zinaungua kama nywele.
Mlinzi amelala ndani, na watu hawakuita "moto!"
Waliita "Mhina!"
Wakanitoa kwenye bao nikiwa na kete mkononi,
wakanisukuma kwa mapenzi, wakanipisha,
huku watu na huku watu,
na katikati njia iliyonyooka mpaka mlangoni.
Hatua ishirini.
Kweli ni fupi.

Nikaomba maji. Wakaleta ndoo.
Nikaomba blanketi. Mtu akakimbia, akaleta blanketi.
Nikaomba kamba, nikaomba panga,
nikaomba wanyamaze nimsikie mlinzi alipo.
Wakanyamaza. Tukamsikia wote.
Hakikubaki kitu cha kuomba.
Miguu yangu ilikuwa ya mtu mwingine,
mtu ninayemfahamu tangu utotoni.

Kidawa alipita ubavuni mwangu bila kunitazama.
Akachovya khanga yake kwenye ndoo yangu,
akajitanda, akaingia.
Alitoka akimburura mlinzi kwa ukosi wa shati,
anakohoa kikohozi ambacho hakuna aliyekiuliza maana yake.
Watu wakaitazama mikono yake.
Kisha, mmoja mmoja, bila kuambizana,
wakaitazama yangu.
Ile kete bado nilikuwa nimeishika.

Hakuna aliyenipiga. Nilingoja, hakuna.
Kinyozi hakufuta maandishi, alitundika kalenda juu yake.
Watoto sasa wanacheza mpira.
Cheti kipo chini ya godoro; naogopa kukichoma,
naogopa hata kuwasha kiberiti mbele yake.

Asubuhi nilikwenda kwa Shekue kama kawaida.
Akanimiminia. Nikanywa.
Nilipoinuka akanyoosha mkono,
nikampa noti, akaikunjua, akaiangalia juani.
Akanihesabia chenji, sarafu moja moja,
juu ya kiganja changu laini kisicho na kovu.
Nami nikazihesabu tena, palepale, mbele yake.
Zilikuwa kamili.